Ushahidi Juu ya Waliotwaa Nchi: Utawala wa Kijeshi wa Wabelgiji Magharibi mwa Tanganyika, 1916–1921

(Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya Jubilei ya Miaka Mia Moja)



Katika vitabu vya Jubilei huandikwa kwanza majina ya waliobatizwa, kisha miaka ya kujengwa kwa makanisa, kisha picha za wachungaji waliotumika. Ni haki yaandikwe hayo. Lakini karne ambayo washarika wanamshukuru Mungu kwayo ilianza katika nchi iliyokuwa imetoka punde tu kukaliwa na majeshi, na juu ya majeshi hayo palikuwa na mashitaka mazito: uporaji, kuchukuliwa kwa wanawake, kushikwa kwa watu na kubebeshwa mizigo hadi wafe njiani. Mashitaka hayo hayakufikishwa mbele ya hakimu asiyefungamana na upande wowote. Kanisa ambalo kila mwaka hufundisha vijana wa kipaimara Amri ya Nane, ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo, lina sababu ya kuuliza jinsi mambo hayo yalivyoshuhudiwa, nani aliyeshuhudia, na ushahidi wake ulitumika kwa kazi gani.

Mji wa Mpanda haukuwapo wakati huo. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi ikafika mwaka 1950, na Mkoa wa Katavi wenyewe umezaliwa mwaka 2012. Mahali palipojulikana katika ramani za majeshi ni Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Huko Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo mwaka 1879 kwa niaba ya chama cha kimataifa kilichoongozwa na Mfalme Leopold wa Pili, na mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Hivyo Wabelgiji walipofika Karema na bunduki mwaka 1916, walifika mahali walipokwisha kupajua miaka 37 kabla. Si ajabu kwamba wengine kati yao waliona kuwa wanarudi kwao.

Vita vyenyewe havikuanzia huku. Agosti 1914 serikali ya Ubelgiji iliomba nchi za bonde la Kongo ziachwe nje ya vita, kwa mujibu wa Mkataba wa Berlin wa 1885. Tarehe 22 mwezi huohuo meli ya Wajerumani iliishambulia bandari ya Lukuga, upande wa pili wa ziwa, na neno la amani likaishia hapo. Kwa mwaka mmoja na nusu Wajerumani walilitawala ziwa. Kisha mashua za Waingereza zikawanyang'anya utawala huo, na Julai 1916 mabaharia wa Kijerumani wakaizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, karibu na Kigoma, isije ikatekwa. Ndiyo meli iliyoibuliwa baadaye na Waingereza na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ambayo watu wengi wa mwambao huu wamesafiri nayo bila kujua jina lake la kwanza.

Jeshi la Kongo lililoitwa Force Publique, chini ya Jenerali Charles Tombeur, liliingia kwa nguvu Aprili 1916. Kigali ilitwaliwa mwezi Mei, Kigoma mwishoni mwa Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba. Karema nayo iliangukia mikononi mwao mwaka huo. Askari wengi sana wa jeshi hilo walikuwa Waafrika wa Kongo, na maofisa walikuwa Wazungu. Mwisho wa mwaka 1916 Justin Malfeyt aliteuliwa kuwa Kamishna wa Mfalme juu ya nchi zilizotwaliwa, makao yake yakiwa Kigoma. Stempu za Kongo zilipigwa chapa juu yake kwa Kifaransa na Kiflemi, maneno yakieleza kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyo chini ya ukaliaji wa Ubelgiji. Mtu aliyetuma barua kutoka Kigoma alibandika juu yake, kwa karatasi ndogo kama ukucha, habari nzima ya hali ya nchi: jina la bwana wa zamani na jina la bwana mpya, na jina la wenyeji halimo.

Utawala wa namna hiyo una sheria zake. Kanuni za The Hague za mwaka 1907, ambazo Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza zote zilikuwa zimezikubali, zinasema kwamba jeshi linalokalia nchi ya adui lazima liheshimu heshima ya familia, uhai wa watu na mali zao. Uporaji umekatazwa waziwazi. Chakula na kazi vinaweza kudaiwa kwa mahitaji ya jeshi tu, kwa kadiri ya uwezo wa nchi, na kinachochukuliwa kilipwe au kiandikiwe stakabadhi. Msomaji wa Injili ya Luka anayajua haya tangu zamani, kwa kuwa Yohana Mbatizaji aliwaambia askari waliomwendea mtoni jambo lilelile: wasimdhulumu mtu, na watosheke na mshahara wao. Hakuwaambia waache uaskari. Ungamo la Augsburg nalo, katika kifungu cha 16, linakubali kwamba Mkristo aweza kuwa askari bila dhambi, na Martin Luther aliandika kijitabu kizima juu ya swali hilo mwaka 1526. Kwa hiyo Mlutheri haulizi kwa nini walikuja na bunduki. Anauliza walifanya nini na bunduki hizo baada ya adui kuondoka.

Tuhuma zilikuwa za namna mbalimbali. Wajerumani waliobaki Tabora, wengi wao wanawake, wagonjwa na wamisionari, walilalamikia jinsi walivyotendewa na jinsi baadhi yao walivyosafirishwa kupitia Kongo hadi Ulaya kama wafungwa. Ada Schnee, mke wa Gavana Heinrich Schnee, alikuwamo Tabora mji ulipotwaliwa, na kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1918. Maofisa wa Kiingereza, ingawa walikuwa upande mmoja na Wabelgiji, walilalamika kwamba askari wa Kongo waliwapora wanakijiji chakula na mifugo na kuchukua wanawake. Malalamiko hayo yaliongezeka mwaka 1917, jeshi hilo lilipopita Dodoma na Kilosa kwenda Mahenge. Jina la Bula Matari, yaani mvunja mawe, ambalo watu wa Kongo waliwapa wakubwa wa serikali ya Leopold, liliwatangulia njiani. Serikali ile ya Leopold ilikuwa imefichuliwa kwa ukatili wake na taarifa ya Roger Casement mwaka 1904, na Ubelgiji ikaichukua Kongo mikononi mwake mwaka 1908. Miaka minane baadaye, katika jeshi lilelile, mjeledi wa ngozi ya kiboko ulikuwa haujaachwa.

Ni lazima kusema papo hapo kwamba mjeledi huo haukuwa mgeni kwa wenyeji wa Unyamwezi wala wa Ujiji. Chini ya Wadachi watu walikwisha kujifunza kuhesabu hamsa ishirini migongoni mwao. Anayeeleza mwaka 1916 kana kwamba watu wema waliondoka na watu wabaya wakaingia, huyo hasimulii historia.

Kuhusu chakula, jambo linahitaji kuelezwa kwa makini, maana hapa ndipo madhara makubwa yalipotokea, hata pale ambapo hakuna askari aliyevunja amri ya ofisa wake. Jeshi lililotoka Kivu na Tanganyika hadi Tabora lilikwenda kwa miguu, mbali na ghala zake. Kila askari aliyekuwa mbele alikuwa na wapagazi nyuma yake, na wapagazi nao walikula. Wabelgiji walitumia katika vita hivyo wapagazi zaidi ya laki mbili. Waingereza kwa upande wao waliandikisha wapatao milioni moja katika kampeni nzima, na vifo vilivyoandikwa katika vitabu vyao vinakaribia laki moja. Jina la Kariakoo, soko la Dar es Salaam, ni masalia ya jeshi hilo la wapagazi. Tabora ilitwaliwa Septemba, kiangazi kinapoelekea mwisho. Mavuno yote ya mwaka yako ghalani wakati huo, na humo ghalani imo mbegu itakayopandwa mvua za Novemba zikinyesha. Ofisa anayechukua nusu ya ghala na kutoa stakabadhi ameitii sheria ya The Hague. Lakini mwanamke aliyebaki na stakabadhi hana cha kupanda. Mume wake au kaka yake, aliyepaswa kulima, yuko njiani na mzigo kichwani. Ndivyo njaa ilivyozaliwa katika nchi nyingi zilizopitiwa na majeshi yote. Rwanda iliona njaa iliyoitwa Rumanura. Ugogo iliona Mtunya, kati ya miaka 1917 na 1920, ambayo wanahistoria wanakadiria iliua watu wapatao 30,000. Mtunya haikusababishwa na Wabelgiji peke yao. Wajerumani walichukua kwanza, Waingereza wakachukua baadaye, mvua zikakosekana, kisha yakaja mafua makuu ya 1918. Hata hivyo mashitaka yaliyoandikwa na wakubwa yalihusu zaidi mbuzi walioporwa na askari mmoja mmoja kuliko ghala zilizotolewa kwa amri. Kosa la askari mweusi lilionekana upesi. Kosa la karatasi iliyotiwa sahihi na ofisa mweupe halikuitwa kosa.

Kuna jambo ambalo huenda wengi wa washarika hawajalisikia. Katika miezi hiyohiyo Ubelgiji wenyewe ulikuwa nchi iliyokaliwa. Majeshi ya Ujerumani yaliingia Agosti 1914, yakaua raia, yakachoma maktaba ya Chuo Kikuu cha Leuven, yakaweka gavana wa kijeshi mjini Brussels. Krismasi ya 1914 Kardinali Mercier, Askofu Mkuu wa Mechelen, aliandika waraka wa kichungaji akiwaambia waumini wake kwamba mamlaka ya wavamizi hayakuwa mamlaka halali, na mapadre waliusoma makanisani ijapokuwa Wajerumani waliuzuia. Oktoba 1916, mwezi mmoja baada ya Tabora kutwaliwa, Wajerumani walianza kuwakamata wanaume wa Kibelgiji wasio na kazi na kuwapeleka Ujerumani kufanya kazi kwa lazima. Wapatao 60,000 walichukuliwa hivyo. Dunia ilipiga kelele, nchi zisizo vitani zikapeleka malalamiko, na mapema mwaka 1917 Wajerumani wakalazimika kuusimamisha mpango huo.

Weka mambo hayo mawili mezani pamoja. Mwanamume wa Ghent anakamatwa nyumbani kwake, anapakiwa garini na kupelekwa kufanya kazi ya adui: hilo liliitwa utumwa, na lilistahili kuitwa hivyo. Mwanamume wa Buha au wa Unyamwezi anakamatwa shambani, anafungwa mzigo na kupelekwa mbele ya jeshi: hilo liliitwa usafirishaji. Wabelgiji walioijua aibu ya kwanza kwa ngozi yao wenyewe hawakuitambua ya pili. Wala Wajerumani waliolalamikia ya Tabora hawakukumbuka Leuven. Wahenga walisema mwamba ngozi huvutia kwake, na katika vita ile ngozi ilivutwa pande tatu.

Swali la shahidi linaanzia hapo. Kati ya wote walioshuhudia juu ya utawala wa Wabelgiji, ni wachache sana ambao hawakuwa na faida ndani yake. Wajerumani walitaka kurudishiwa koloni lao, kwa hiyo kila uovu wa Mbelgiji ulikuwa sababu ya wao kurudi. Waingereza walitaka njia yao ya ardhi kutoka Cape hadi Cairo isikatwe, kwa hiyo kila uovu wa Mbelgiji ulikuwa sababu ya yeye kuondoka. Februari 1917 Wabelgiji waliikabidhi Tabora kwa Waingereza. Lakini kikosi cha Kapteni Max Wintgens kilipotoroka kutoka kusini na kuelekea Tabora miezi hiyohiyo, Waingereza waliwaita tena kuja kusaidia. Wale walioshutumiwa kwa uporaji walikaribishwa warudi na bunduki zao kabla wino wa malalamiko haujakauka, na shutuma zikafunguliwa upya walipokuwa hawahitajiki tena.

Uaminifu unadai isemwe pia kwamba mashahidi wa Kilutheri hawakuwa nje ya jambo hili. Wamisionari wa Berlin, Leipzig na Bethel walikuwa Wajerumani, na wengi walikuwa na ndugu au wana jeshini. Bethel walikuwa na vituo Rwanda tangu 1907, Kirinda na Rubengera miongoni mwavyo. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 kazi hiyo ilikatika, na baadaye ikachukuliwa na chama cha misioni cha Waprotestanti wa Kibelgiji. Anayesoma barua zao za miaka ile anasoma maneno ya watu wa Mungu, na papo hapo anasoma maneno ya watu waliopoteza nyumba zao kwa adui wa taifa lao. Upande wa pili ni vivyo hivyo. Wamisionari wa Kianglikana waliowekwa kizuizini Tabora na Wajerumani, wakafunguliwa siku Wabelgiji walipoingia, hawangeweza kumwona mkombozi wao kwa jicho la mtu aliyeporwa mbuzi. Pengine mashahidi wa karibu zaidi kwa eneo hili ni Mapadre Weupe wa Karema, kwa kuwa Kardinali Lavigerie aliwaagiza watu wake waandike shajara ya kila kituo. Askofu wao, Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikarieti ya Tanganyika tangu 1891, alifariki mwishoni mwa 1917, huku vita vikiendelea.

Katika Maandiko kuna shamba moja lililochukuliwa kwa njia ya ushahidi, nalo ni la Nabothi wa Yezreeli. Mashahidi wawili waliletwa, utaratibu wa mahakama ukafuatwa, na mwisho wake mfalme akashuka kwenda kulimiliki. Ushahidi ule ulikuwa wa uongo. Ya mwaka 1916 ni magumu zaidi, maana mengi katika ushahidi wake yalikuwa kweli, na hata hivyo yaliletwa kwa ajili ya shamba. Mfano ulio wazi kabisa uko Namibia. Agosti 1918 Waingereza walichapisha kitabu cha serikali kilichokusanya ushahidi wa Waherero na Wanama juu ya mauaji waliyotendewa na Wajerumani. Mengi yake wanahistoria wameyathibitisha. Ujerumani ilinyang'anywa koloni. Mwaka 1926, ilipofaa walowezi wa Kijerumani na wa Afrika Kusini wapatane, Bunge la walowezi huko liliomba nakala za kitabu hicho ziondolewe na kuteketezwa, na ikawa hivyo. Kilio cha Waherero kilitunzwa kwa muda ule kilipokuwa na kazi.

Je, palikuwa na shahidi yeyote aliyeweka mizani moja kwa wote? Alikuwapo mmoja ambaye Walutheri wanaweza kumkumbuka bila wivu wa kidhehebu. Frank Weston, Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, mwaka 1916 aliunda kikosi cha wapagazi wa Kizanzibari na kutembea nao mwenyewe bara, akalala walipolala. Mwaka 1918 alichapisha kijitabu cha kuwashitaki Wajerumani kwa utawala wao wa mabavu, The Black Slaves of Prussia. Serikali yake ilikipenda. Kwa kijitabu hicho peke yake angekuwa shahidi kama wengine. Lakini mwaka 1919 serikali ya Kiingereza nchini Kenya ilitoa waraka wa kuwataka machifu na maofisa wawasukume vijana kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na mwaka 1920 Weston huyohuyo alichapisha kijitabu cha pili, The Serfs of Great Britain. Humo aliishitaki nchi yake mwenyewe kwa kosa lilelile. Safari hii serikali haikukipenda. Ndipo mtu anaweza kurudi nyuma na kukisoma kile cha kwanza kwa imani zaidi.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote ni mambo ya Wazungu na vita vyao. Kwa hiyo mizani ya Weston iletwe karibu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua raia, yakapora ng'ombe, na Amin akatangaza kuwa ardhi hiyo ni ya Uganda. Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, aliwaona washarika wa dayosisi yake wakikimbia. Tanzania ilikuwa na haki ya kujilinda, na vijana wa mikoa yote, wa Mpanda wakiwamo, walikwenda vitani. Februari 1979 jeshi la Tanzania liliingia Masaka na Mbarara, na miji hiyo ikabomolewa kwa sehemu kubwa kulipiza yaliyotendwa Kagera. Waandishi wa habari Tony Avirgan na Martha Honey, waliofuatana na jeshi hilo na kulipenda, waliandika wazi kuhusu jambo hilo, na waliandika pia kwamba Mwalimu Nyerere alihuzunishwa nalo akaamuru raia na mali zao waheshimiwe. Kampala ilipotwaliwa Aprili 1979, maelfu ya askari wa Tanzania walibaki Uganda, wengi hadi 1981. Katika muda huo marais wawili waliondolewa madarakani, Yusuf Lule na Godfrey Binaisa, na Tume ya Kijeshi ikatawala kwa miezi kadhaa mwaka 1980 hadi uchaguzi wa Desemba, uliolalamikiwa kwa udanganyifu. Waganda walilalamika kuhusu uporaji na vizuizi vya barabarani. Mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979 ulimlaumu Nyerere kwa kuingia Uganda, ingawa waliomlaumu walikuwa wamenyamaza miaka minane Amin alipokuwa akiua.

Mambo hayo hayawalinganishi vijana wa Tanzania na jeshi la Leopold. Walikwenda kumwondoa muuaji, hawakudai ardhi, na walirudi nyumbani. Wapo ambao majina yao yamo katika mimbari za makanisa na minara ya kumbukumbu, na wanastahili. Lakini Mganda wa Masaka aliyepoteza nyumba yake Februari 1979 ana haki ileile ya kusikilizwa aliyonayo mkulima wa Buha wa Septemba 1916, na haki hiyo haipunguzwi na wema wa sababu iliyowapeleka askari. Amri ya kulinda raia iliyotolewa na amiri jeshi mkuu ni ushahidi wenye uzito, maana ilikiri kwamba kuna kilichotendwa. Mwaka 1916 hakuna mfalme aliyetoa amri ya namna hiyo kuhusu Tabora.

Inabaki kusimulia jinsi faili la Wabelgiji lilivyofungwa. Mkataba wa Versailles, katika kifungu cha 228, uliwapa washindi haki ya kuwashitaki Wajerumani waliovunja sheria za vita. Hakukuwa na kifungu kilichohusu askari wa washindi. Tarehe 30 Mei 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikubaliana: Ubelgiji ipewe Ruanda na Urundi, Uingereza ichukue sehemu nyingine yote. Wabelgiji kwa kweli hawakuwa wamezikusudia nchi hizo mbili kwa ajili yake zenyewe. Walitumaini kuzibadilisha kwa ardhi ya Wareno kwenye mlango wa mto Kongo. Kipande kimoja cha mashariki mwa Ruanda, Gisaka, kilikatwa na kupewa Waingereza kwa ajili ya reli yao. Mwami Musinga na Mapadre Weupe walilalamika kwa muda mrefu, na mwishoni mwa 1923 kilirudishwa. Hilo linaonekana kuwa lalamiko pekee la wenyeji katika hesabu nzima lililobadilisha mstari kwenye ramani. Mstari uliobaki ndio uliowaacha Warundi upande wa pili, na mwaka 1972 maelfu yao waliuvuka wakikimbia mauaji. Katumba na Mishamo, makazi yaliyohudumiwa na TCRS, iliyokuwa chombo cha Shirikisho la Kilutheri Duniani, ndiko wengi wao walikolelewa. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 kati ya wakimbizi hao na uzao wao walipewa uraia wa Tanzania.

Wamisionari wa Kijerumani walifukuzwa Tanganyika mwaka 1920, na makanisa mengi yakabaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika. Machi 1921 Wabelgiji waliikabidhi Kigoma kwa Waingereza. Shutuma dhidi yao, ambazo ziliandikwa kwa wingi walipokuwa hawataki kuondoka, hazikuandikwa tena. Badala yake, kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921, walipewa gati na ardhi bandarini Kigoma na Dar es Salaam, wazitumie kwa biashara ya Kongo bila ushuru, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Watu wa Ujiji na wa Karema hawakuulizwa.

Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya Uhuru, Waziri Mkuu Julius Nyerere alisimama Bungeni na kueleza kwamba Tanganyika haitautambua mkataba ule. Uingereza ilikuwa imekabidhiwa nchi hii iiangalie kwa muda tu, alieleza, na aliyekabidhiwa uangalizi wa muda hana mamlaka ya kutoa sehemu yake kwa mwingine milele.